Mwiko Usiooshwa

Joyeuse alipotoa kijiti chenye pamba na kuupapasa mwiko wa mbao, Mama Apolline alihisi anapapaswa yeye kooni. Mwanamke apikaye kasiksi, pombe ya ndizi, huosha mtungi, huosha miguu, akipenda huosha hata mume. Mwiko haoshi abadani, maana chachu imelala ndani ya mbao.

"Unauma?" Joyeuse, binti wa labo ya kupima chachu, alitania.

"Wewe kwangua, mutoto wangu. Mbao haina machozi."

Machozi alikuwa nayo mwenyewe. Alizeekea mtaani Birere akiuza kasiksi nzuri, na nzuri haitoshi ikiwa mshindani wako ni Charline. Watu walinywa kwa Apolline huku wakimsifu Charline. Sasa labo ilikuwa ikisoma chachu za wapika pombe kumi na wawili, na ile itakayoonekana ya pekee ingeandikwa kwa jina la mwenyewe. Charline alikuwa ameshanunua kitenge cha siku ya kutangazwa. Wivu ulimkaa Apolline kama mwiba wa samaki sambaza: mdogo, ila haumezeki.

Na wivu huo ulikuwa na pacha wake, hofu. Miaka ishirini nyuma, kwenye sherehe ya ubatizo nyumbani kwa Charline, Apolline alijipenyeza uani, akachovya pembe ya kitenge chake katika machicha ya mtungi, kisha akakimbia kwake kuikamulia juu ya mwiko wake kabla haijakauka. Ladha yake ilianzia hapo. Ikiwa chachu ina kumbukumbu, mji mzima ungemjua mwizi.

Alikuwa amewahi kutumaini kuwa mambo yangekwisha yenyewe. Mwaka wa 2021 volkano iliizika nyumba ya Charline kule Buhene, mtungi, mwiko na vyote. Wiki mbili baadaye Charline alikuwa amehamia Birere, anauza, na ladha ni ile ile. Watu walisema hata lava ilipita kwake ikaondoka imelewa.

Mvua zilipokatika, Joyeuse alirudi na karatasi, akaketi juu ya bidoni, dumu la maji.

"Mama, chachu ni kiumbe kidogo, lakini kina nyuzi kumi na sita ndani yake. Tumesoma uzi mmoja, kromosomu ya nne, jeni kwa jeni. Maandishi yake ni ya herufi nne tu."

"Nne? Mimi shuleni walinipa nyingi kuliko hizo, na angalia nilipofika."

Joyeuse alicheka, kisha akainamia karatasi. "Chachu yako na ya Mama Charline ni ukoo mmoja."

Apolline aliushika mwiko kama anayeshika ukingo wa mtumbwi.

"Lakini katikati ya uzi wako kuna kipande cha hamira ya mkate. Uliwahi kutia hamira ya dukani?"

"Noeli moja, kabla ya lava. Wageni walikuwa wengi, pombe ilikuwa mvivu."

"Basi ilizaa na yako. Kipande hicho kiko kwa Mama Charline pia, mahali pale pale, na yeye ameapa hajawahi kugusa hamira. Yake imetoka kwenye mwiko wako, mama. Tuandike jina lako?"

Apolline aliutazama mtungi wake. Aliiona siku ile baada ya lava: Charline na vumbi la majivu nyweleni, amekuja kumwamkia, ameketi karibu na mtungi, ameomba maji. Yeye akaingia ndani kuyachota. Alipotoka, Charline alikuwa amesimama tayari, anaaga, pembe ya kitenge imelowa ndani ya ngumi. Apolline alidhani ni machozi. Akamwonea huruma, kisha akamwonea wivu hata kwa namna alivyojua kulia.

Ng'ambo ya njia, Charline alikuwa ametoka mlangoni kwake, kitenge kipya kinang'aa, shingo ameinyosha kutazama karatasi.

"Mama?" Joyeuse aliuliza, kalamu mkononi.

"Ngoja kwanza," Apolline alisema, akisogeza kigoda cha pili karibu na chake. "Nenda umwite. Mwambie kitenge hicho kipya akiache. Aje na kile cha zamani, cha siku ya lava."

Mwenyewe akainama, akaikunja pembe ya kitenge chake, akaichomeka kiunoni isionekane.