Siku ya Kusikiliza Watu Rayners Lane

Mjukuu wangu Alka alijifungua mtoto wa kike kwangu London, mvua zikiwa zimeshaanza kule kwa mumewe, na mumewe akafika mtoto ameshaanza kunenepa mashavu. Hakuchelewa kwa kupenda. Sachin ni kolekta, yaani mkuu wa wilaya, katika wilaya moja ya mashambani huko Gujarat, na mkuu wa wilaya wa India hatoki wilayani mwake bila ruhusa ya wakubwa, hata kama ni kwenda kumzika mzazi, sembuse kupanda ndege. Bwawa la huko lilikuwa linajaa. Mwishowe walimpa juma moja, na safari ya kuja na kurudi ikiwa ndani ya juma hilohilo.

Aliingia nyumbani kwangu Rayners Lane na sanduku dogo na simu mbili. Aliinama akanigusa miguu, akaniuliza habari za magoti, akaenda kunawa mikono bila kuambiwa kabla ya kumshika mtoto. Kisha akakaa naye pembeni ya dirisha, anamtazama tu. Mimi ni Mhindi wa Tanga, nimezaliwa na kuolewa kule kabla ya kuja huku, na nimeona wanaume wengi wakishika mtoto wao wa kwanza. Huyu alimshika vizuri.

Binti yangu Reshma, mama yake Alka, hushinda kazini duka la dawa huko Wembley, kwa hiyo mzazi nilimtunza mimi. Nilimkanda, nikampikia, nikamsikiliza. Alka ni daktari wa macho, amezaliwa hapahapa, na alimfuata Sachin India kwa mapenzi ambayo sisi wazee tuliyaogopa kidogo. Alipoanza kunisimulia maisha ya huko alisimulia bila hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Alisema Sachin hutoka alfajiri kwenda vijijini kuona kama walimu wamefika, kama pampu ya maji inafanya kazi, kama watoto wamepikiwa chakula shuleni. Akirudi anasikiliza kesi za ardhi. Mchana yuko mbele ya skrini, wakubwa wa makao makuu wanamuuliza maswali, na mara nyingi wanamuuliza yaleyale ya jana. Jioni pengine waziri anapita, na waziri akipita hakuna kazi nyingine isipokuwa huyo waziri. Jumatatu mlango wa ofisi huachwa wazi, na yeyote mwenye shida anaingia bila kuitwa, mwenye viatu na asiye na viatu. Siku hiyo Sachin hali mpaka mtu wa mwisho amesikilizwa.

"Watu wanampenda, Nani," Alka aliniambia; kwetu bibi mzaa mama huitwa Nani, na Sachin huongeza heshima akaniita Naniba. "Nikienda sokoni wananipa nyanya bure. Wananiambia nina bahati."

Siku moja nikiwa namimina chai nilimuuliza Sachin mwenyewe anaugawaje muda wake, maana mimi nilikuwa na mume, watoto wanne na duka la vitambaa, na siku zote kitu kimoja kiliungua. Alicheka.

"Haugawanyiki, Naniba. Unaanza na kitakacholipuka. Halafu kile ambacho mkubwa atakiuliza. Halafu kile ambacho mtu atakuja kukilalamikia. Kinachobaki ni kile ambacho mwenyewe hatalalamika. Hicho kinasubiri."

Aliniambia kama mtu anayefundisha kupika. Alka alikuwa anambadilisha mtoto nepi, na mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Alasiri hiyo Sachin alipotoka kununua maziwa, Alka aliniambia shauri lake. Jumamosi ilikuwa siku ya kumpa mtoto jina. Kwa desturi yetu hufanywa siku ya sita, lakini tulikuwa tumeisogeza ili baba awepo. Alka alitaka siku hiyo tu, asubuhi mpaka jioni, Sachin awe wa kwake na mtoto peke yao. Akiweza, atarudi naye India. Asipoweza, yeye na mtoto watabaki London.

Nilimuuliza kama Sachin amelijua hilo.

"Sitaki alijue. Akijua atalifanya, kama anavyofanya yote anayoagizwa. Nataka aje mwenyewe. Na wewe usimwambie, Nani. Niahidi."

Nikamwahidi. Mtu aliyetoka kuzaa hanyimwi ahadi.

Jumamosi ilianza vizuri kiasi cha kunitia matumaini. Sachin aliamka wa kwanza, akamwogesha mtoto, akakaa jikoni na mimi akikatakata biringanya, vipande vikubwa vibaya, na sikumsahihisha. Simu zake zote mbili alizizima na kuzitia mfukoni mwa koti, koti akalitundika. Alka alishuka kavaa sari ya njano. Alipoona koti limetundikwa alinitazama, akatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu arudi.

Mambo yalikuwa mepesi. Jina la mtoto hutolewa na shangazi, dada wa baba. Mtoto hulazwa kwenye kitambaa, watu wanne wanashika pembe, wanambembeza, na shangazi analitamka jina. Dada yake Sachin yuko Vadodara, India, na hakupata viza, kwa hiyo angelitamka kwa simu, saa sita yetu, wageni wake wakiwa wamekusanyika kule. Pembe za kitambaa tungeshika mimi, Alka, Sachin, na Maureen, jirani yangu Mkenya ambaye ni nesi. Reshma alikuwa zamu.

Kabla ya saa nne mlango uligongwa. Alikuwa Sadrudin, mzee wa Mwanza anayekaa mtaa wa nyuma, kavaa suti, kashika kikapu cha lozi.

"Hodi humu. Nimekuja kumwona mtoto, Mama Reshma."

"Mtoto yuko ghorofani na mama yake, na wewe unachungulia sebuleni kwa baba yake."

"Mimi mzee nina macho mawili," akasema. "Moja la mtoto, moja la baba."

Ningemzuiaje? Mtu aliyekuja kumwona mtoto mchanga, mkono wake una zawadi, harudishwi mlangoni. Nilimkaribisha, nikampandisha ghorofani. Alimwombea mtoto dua nzuri kwa sauti ya chini, akambusu unyayo, halafu akashuka, akakaa karibu na Sachin na kumwambia kwamba marehemu baba yake aliacha nyumba Kutch, hukohuko Gujarat, na binamu mmoja ameiuza kwa hila.

Nilimwona Sachin akibadilika. Mgongo ulinyooka. Uso ukatulia, ukawa wa mtu mwingine, mpole na wa mbali. Kutch si wilaya yake na hana mamlaka kule, lakini kolekta wa kule walisoma pamoja. Aliomba karatasi. Kisha akaenda kwenye koti akatoa simu moja.

Sadrudin alitoka pale amelowa machozi, akapita kwenye duka la vitumbua vya Kihindi karibu na stesheni, na nadhani hakuwa na ubaya wowote alipowaambia aliowakuta kwamba kolekta yuko kwangu. Saa tano Gurpreet, mjane wa barabara ya pili, alikuja na gauni la mtoto na shida ya shamba la mumewe huko Punjab. Balwinder, jirani mwingine, akamleta mama yake na sufuria ya kichuri, wali wa choroko. Wakaja wengine. Kila mmoja alileta kitu, kila mmoja alimwombea mtoto kwanza, na kila mmoja nilimfungulia. Viti vya sebuleni vilijaa, vikaletwa vya jikoni, vikapangwa kwenye ukumbi mwembamba mpaka mlangoni.

Maureen alifika na chupa ya uji wa wimbi, hajalala tangu atoke zamu ya usiku, macho mekundu. Akasimama akahesabu viti kwa kidole.

"Mama Reshma, hii ni nyumba ama ni ofisi ya chifu?"

Nilimwambia anisaidie kumtoa baba mtoto. Tukajaribu. Nilimnong'oneza Sachin kwamba saa sita inakaribia. "Dakika moja, Naniba," akasema, na akainuka, nikadhani anakuja, kumbe anamletea mama yake Balwinder maji na kumsogezea mto mgongoni. Nilirudi tena kumwambia dada yake yuko kwenye simu ya Alka. Akasema dakika moja. Mzee mmoja alikuwa anaeleza kesi ya kisima, na Sachin hakumkatiza hata mara moja. Sijawahi kuona mtu anayesikiliza vile. Mzee alikuwa anarudia maneno, na yeye anaitikia kila mara kama anayasikia upya.

Shangazi alisubiri. Tulisikia wageni wake wakiimba kule, kisha wakazungumza, kisha sahani zikagongana. Mwishowe akasema kwa upole kwamba watu wanataka kula, na kwamba apigiwe tena simu, baba mtoto atakapokuwa tayari. Alka akamshukuru, akakata simu.

Akamfunika mtoto vizuri, akambeba, akashuka ngazi, akaenda kukaa kwenye kiti cha mwisho ukumbini, karibu na mlango.

Nilimfuata nikamshika bega. Alitikisa kichwa. Gurpreet aliinuka ampe nafasi yake ya mbele.

"Kaa, mama," Alka akamwambia. "Zamu yangu bado."

Kiti kikiachwa, wote wanasogea. Alka naye akasogea na mtoto wake, kiti kwa kiti, amenyooka ndani ya sari ya njano. Maureen alisimama kwenye ngazi na chupa yake ya uji mkononi. Kule sebuleni Sachin hakujua lolote, alikuwa ameinama anaandika.

Alka akakaa mbele yake. Sachin alikuwa bado anamalizia neno la mtu aliyetoka. Hakuinua kichwa. Akasema kwa ile sauti yake laini, "Ndiyo, mama. Karibu. Shida yako ni nini?"

"Naitwa Alka," akasema. "Nimekuja kwa habari ya mume wangu."

Kalamu ikasimama. Alipoinua uso hakuwa kolekta tena, alikuwa kijana tu. Alijaribu kucheka.

"Alka, si mbele ya watu."

"Wenzangu wote wamesema mbele ya watu." Hakupandisha sauti. "Mume wangu hanipigi. Halewi. Hana mwanamke mwingine. Ni mtu mwema, kila mtu hapa atakuambia. Ombi langu ni kwamba nibaki hapa na mtoto wangu, kwa sababu nikirudi kule atakua amekaa kiti cha nyuma kama mimi, na atafundishwa kusema ana bahati."

"Nipe muda," Sachin akasema.

"Upi?"

Nilimwona anatafuta, kweli anatafuta, anapitia siku zake moja moja kichwani, na sikuweza kumtazama. Ndipo simu ikaita mezani. Sote tuliona jinsi mkono wake ulivyokwenda kidogo, ukarudi.

"Pokea," Alka akamwambia. "Ni bwawa. Kuna watu bondeni."

Akapokea. Walikuwa wameamua kufungua milango ya bwawa. Alisimama dirishani akaamuru shule gani ifunguliwe watu walale, mitumbwi itoke wapi, ng'ombe wapelekwe kilima kipi. Kuna bikizee mmoja wa kijiji cha chini, akasema, atakataa kutoka, msibishane naye, mbebeni na kitanda chake na mbuzi wake, akiona mbuzi ametangulia atakubali. Vijiji vyote alivijua kwa majina. Wageni wangu waliinuka mmoja mmoja wakatoka bila kuaga, na Sadrudin, ambaye alikuwa amerudi kuleta kaka yake, alinitazama kama mtu aliyevunja kitu cha watu, akakusanya vikombe akavipeleka jikoni.

Mtoto alilia. Maureen akamchukua ili Alka anywe uji. Siku hiyo mtoto hakupewa jina.

Sachin alibadilisha tiketi, akaondoka kesho yake asubuhi. Sijui walisemezana nini chumbani. Aliposhuka macho yake yalikuwa yamevimba na sanduku lilikuwa mkononi. Alka alimpa mtoto, naye akamshika muda mrefu, akamrudisha. Hapakuwa na ugomvi. Nilitamani huo ugomvi ungekuwepo.

Nilimsindikiza hadi stesheni, taratibu kwa ajili ya magoti yangu, na yeye akapunguza hatua ili tulingane. Tulipofika karibu na duka la maua aliniuliza.

"Ulijua, Naniba?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelipanga, ukalitimiza," nikasema. "Ungempa Jumamosi ile vizuri kabisa. Halafu?"

Akaniambia atarudi mvua zikiisha, akiruhusiwa. Aliinama katikati ya watu akanigusa miguu, nikamwombea heri kichwani, na niliimaanisha. Juu ya ngazi za kushukia jukwaani palikuwa na mama mmoja kijana na kigari cha mtoto, anaangalia chini hajui aanzeje. Sachin aliweka sanduku lake pembeni, akainua kigari kwa mbele, wakashuka pole pole, ngazi kwa ngazi, akimwambia mtoto maneno fulani ya kuchekesha. Treni yake ilifika, ikafunga milango, ikaondoka, wao wakiwa katikati ya ngazi.

Jioni Reshma aliniuliza kama mkwe wake alilia. Nikamwambia alimsaidia mama mmoja kubeba kigari cha mtoto.