Pale Ua Ulipobonyea

...na tena haina kelele, hilo ndilo analolisifia huyu Preben muuzaji, penseli sikioni, ameinyanyua mashine ya betri ya kukatia ua kwa mkono mmoja kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua mwenyewe, na Dagny amesimama mbele ya rafu, mkoba kaukumbatia kifuani, anautazama mdomo wake unavyofunguka na kufumba, haina kelele, haina kelele, kana kwamba kelele ndiyo dhambi, "Mama, ukikata ua wako wa miti kwa hii jirani hata hajui kama uko nje," anasema Preben, "hata Jumapili unakata, nani atakusikia?" na anacheka peke yake, na Dagny anaubana mkoba zaidi, Jumapili, amelitaja mwenyewe, Bwana umemsikia, sikumuuliza mimi, kwa hiyo wanajua, wanazitengeneza makusudi ili watu wakuvunjie siku yako kimyakimya, maana mashine ya petroli ingemuumbua Frode jirani yangu, ingenguruma mpaka kwenye nyumba ya misheni tunakosali na sisi wote tungeinua vichwa kutoka kwenye vitabu vya nyimbo, lakini hiyo yake ya betri, hiyo inayolia kama nyuki ndani ya chupa, hiyo ilingoja nitoke, nivae koti jeusi, nifunge lango, halafu akavuka yeye upande wangu, upande wa Ejnar mume wangu, akakata... "Shemeji, usimsikilize," anasema Holger, ndugu wa marehemu, mikono mifukoni, amekuja naye kwa sababu ndiye mwenye gari na kwa sababu hapendi kukosekana, "hiyo ni ya kukatia keki. Chukua ya petroli kama aliyokuwa nayo kaka, au usichukue kabisa," na hilo kabisa amelivuta, Dagny amelisikia alivyolivuta, ndilo lililomleta, kwa kuwa siku ya Pasaka mezani, mdomo umejaa nyama ya mwana-kondoo, Holger alisema mbele ya wote kwamba ua usipokatwa kabla ya mkesha wa Mtakatifu Yohana mwezi wa sita basi nyumba imemshinda Dagny, na kuna vyumba vya wazee mjini, vya ghorofani, bila ua, bila jani la kuokota, nao wote wakatazama sahani zao, maana hakuna asiyejua, jioni ile watu wote hushuka kwa miguu kwenda kwenye moto ufukweni na njiani huzisoma nyua, huyu mzima, huyu mgonjwa, hapa pana talaka, hapa pana mjane aliyeshindwa... naye hakushindwa, alikuwa anajaribu tu, aliitoa mashine ya Ejnar bandani, nzito kama ndama, akaiweka chini, akavuta kamba, akavuta, akavuta tena mpaka bega likaungua, nayo ikakohoa, ikakohoa kama Ejnar majira yake ya baridi ya mwisho, ikanyamaza, na ng'ambo ya ua nyayo za Frode zikasimama kwenye kokoto, alisimama pale akisikiliza, hakusema hata pole, mwanamume mzima anasikiliza mjane akishindwa na kamba, huyohuyo ambaye siku ya mazishi alisimama nje ya lango la makaburi kofia mkononi, ardhi imeganda, wenzake wote wakaja nyumbani kunywa kahawa na yeye hakuja, miaka yote jirani na hakuja, niliona, nililiweka moyoni, na ninaliweka mpaka leo, Bwana unisamehe, au usinisamehe kwanza, subiri nimalize... "Petroli ina nguvu, sikatai," anasema Preben, "lakini ina uzito, mama, na kuchanganya oili, na kila mwaka plagi, na hiyo kamba sasa," anaigiza kuvuta kamba, anajipinda mgongo, anashika kiuno, na Holger anacheka, anacheka kweli, na Dagny angependa rafu yote iwaangukie wote wawili, taratibu, kuanzia juu, kwenye makopo ya rangi... anataka ile ya petroli, ndiyo, nyekundu pale chini, aiwashe mwenyewe Jumamosi asubuhi, madirisha ya Frode yatetemeke, ajue kwamba upande huu bado kuna mtu, asithubutu tena, maana aliporudi kutoka misheni na kitabu cha nyimbo kwapani alikuta ua wote umenyolewa, juu umenyooka kama meza, majani yamefagiliwa, aliyekuomba ni nani, nani alikuomba, na pale karibu na banda, mkabala na dirisha la jikoni, akaliona lile bonde, ua umebonyea kama mtu kaukalia, akafurahi, Bwana unajua nilivyofurahi, nikampigia simu Holger aje aone kazi ya Jumapili inavyoishia, betri ilimwishia nguvu, nikamwambia, akaona aibu, akakimbia, na mwezi wa nane ua ukichipua tena nitaukata mimi kwa mashine yangu, na hilo bonde nitaliacha lijae, lizibe, nisimwone hata kofia... "Ndiyo hivyo, ikichoka inatafuna," Holger anamwambia Preben, "kwa jirani yake tumeona kwa macho yetu, ua umebonyea kama kitanda cha mgonjwa," na Preben anaacha kucheka, anaiweka mashine kwenye rafu polepole kama aliyetukaniwa mtoto, "Hapana, mzee. Hizi hazichoki hivyo. Inakata vilevile mpaka mwisho, halafu inazima, basi. Ikikuishia njiani, pale ulipoachia majani yanabaki marefu. Yanabaki juu, mzee, hayashuki chini. Ukiona bonde, huo ni mkono wa mtu," na Holger anasema mkono wa mlevi labda, na Preben anasema labda, na wanaendelea, wanaendelea kuhusu minyororo na misumeno, na Dagny hawasikii tena vizuri, yanabaki juu... ndiyo, bila shaka yanabaki juu, mtoto angejua, yasipokatwa hayashuki, na yeye aliyemenya viazi maisha yake yote mbele ya dirisha lile hakulifikiria, viazi, na mngurumo wa mashine ya Ejnar nje, halafu ghafla mngurumo unakatika na kimya kinaanguka jikoni mpaka anainua kichwa, na pale karibu na banda kuna kofia mbili, ya kijivu na ya buluu, na kiwiko cha Ejnar juu ya ua, amekiegemeza kama mtu aliye kwenye kaunta, wanaongea, sijui waliongea nini, wanaume wale wasiosema, kahawa inapoa na yeye bado pale... kiwiko, lakini ua unamfika Ejnar puani, alipenda kuuacha mrefu ili ukinge upepo wa baharini, kiwiko kingekaaje, hakiwezi kukaa, labda papo hapo palikuwa chini, palikuwa chini siku zote, na mimi nilidhani pale ua unaumwa, nikamwambia hata atie mbolea, naye akasema nitatia, na hakutia, kila mwaka alipapunguza mwenyewe, mpaka mwaka jana, mwaka jana hakukata chochote, alikaa kitini na blanketi, na ua ukajaa, ukaziba... na Frode akapafungua, basi kofia ile nyingine ilikuwa yake, na yeye alikuwa na kiwiko chake pale, hakuwa na mtu wa kumwambia, alisimama nje ya lango na kofia... bado ni Jumapili, Bwana, bado hakuomba ruhusa, usinisukume, simsamehe kwa sababu ya majani... lakini si palepale pa Ejnar, hapana, ngoja, Ejnar aliinama akiingia mlangoni, bonde lake lilimfika kifuani yeye, mimi lingenipita macho, na Jumapili ile nilisimama pale nikiwa na hasira zangu na kitabu changu na nikaona, niliona mlango wa Frode, ulikuwa wazi, niliona meza yake na kikombe, nikageuka haraka kama aliyechungulia bafuni, mimi ambaye tangu niolewe sijawahi kuona ng'ambo ya ua ule bila kupanda ngazi, amepashusha, amepashusha mpaka kifuani kwangu... hakuna mwanamume mfupi hivyo kwetu, wala kwake... "Shemeji, umelala?" anasema Holger, "petroli au twende tukanywe kahawa, na kesho nimpigie yule wa vyumba," na Dagny anasema, "Hakuna atakayempigia mtu," bila kumtazama, na Ejnar ilimbidi azime injini kwanza ndipo waongee, ilimbidi azime kila mara, lakini hiyo nyingine, hiyo ya nyuki, mtu anaweza kukata na bado akasikia mtu wa ng'ambo akisema habari za asubuhi, kama atasema, na kama yeye atajibu, na hatajibu Jumapili, Jumapili asimtegemee, Jumapili atamwambia usoni ni siku ya nani, ila Jumamosi, labda, baada ya kahawa... "Sasa, mama," anasema Preben, ameinyanyua tena kwa mkono mmoja, "kama nilivyosema, haina kelele," na Dagny bado amesimama palepale mbele ya rafu, mkoba kifuani, midomo imebanwa, na viwiko vyake, bila yeye kuviruhusu, vimepanda juu kidogo, kama vya mtu anayetafuta pa kuegemea.