Mkono wa Meza ya Tisa

Katika karakana ile ya biri, zile sigara nene zinazosokotwa kwa jani zima la tumbaku, hakuna aliyemwita mwonjaji kwa jina lake. Walimwita Ulimi. Mbele yake walimwita hivyo kwa heshima na nyuma yake kwa mzaha, maana mama yule aliringia ulimi wake kama wenzake wanavyoringia watoto. Hakula pilipili, hakugusa kitunguu kibichi, na siku za kuonja alipiga mswaki kwa maji matupu. Kwa mambo mengine yote alikuwa mtu wa kawaida tu mwenye magoti mabovu. Lakini mezani pake hakuwahi kukosea wala kusema uongo, na alipenda watu walijue hilo.

Kila Alhamisi asubuhi msimamizi alimpelekea sinia juu ghorofani, kwenye chumba chenye dirisha moja kubwa. Ndani ya sinia mlikuwa na biri kumi na mbili, moja kutoka kila meza ya wasokotaji, na chini ya kila biri kadi yenye namba, imelazwa kifudifudi. Ulimi alikata ncha kwa mkasi mdogo, akawasha kwa kibanzi cha mwerezi, akavuta taratibu bila kumeza moshi. Nyingi alizivuta mara nne tano akaziweka. Ile iliyomgusa ndiyo aliyoivuta yote, theluthi ya kwanza kwa maji, ya pili kwa kahawa nyeusi isiyo na sukari, na ya mwisho kwa ramu kongwe, kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa. Alikuwa akisema kwamba maji huonyesha jani, kahawa huonyesha udongo, na ramu humwonyesha msokotaji.

Kisha alitaja mkono. Angesema huu ni mkono wa meza ya nne, na leo kaamka na hasira, na msimamizi angefunua kadi akakuta nne. Watu hujua mkono wa mama zao kwenye mchuzi; yeye aliijua mikono kumi na miwili kwenye moshi.

Alhamisi moja, alipofika kwenye biri ya saba, hakuhitaji hata kuiwasha. Jani la nje lilizunguka kuelekea kushoto. Karakana nzima iliwahi kuwa na mtu mmoja tu aliyesokota hivyo, naye ni mdogo wake wa kike wa tumbo moja, waliyemwita Shoto kwa sababu ya mkono wake huo huo. Shoto alikuwa na miezi mitano kaburini.

Ulimi alijiambia ni mzigo wa zamani umechanganywa na mpya. Akaiwasha. Kwenye maji zikaja njugu za kukaanga. Kwenye kahawa likaja ganda la chungwa, ambalo halikutokea kwenye mkono wa mtu mwingine yeyote. Alipofika kwenye ramu machozi yalikuwa yakimtiririka, na msimamizi, mtu wa haya, akajifanya anatazama dirishani. Kitu kimoja tu kilikuwa kigeni. Chini ya ladha zote hizo palikuwa na ukakasi wa kijani, wa ganda la pera bichi, na huo Ulimi hakuujua ni wa nani.

Msimamizi akafunua kadi. Tisa. Akasema imesokotwa jana, na Ulimi anajua fika meza ya tisa yuko nani.

Alijua. Yuko binti wa Shoto, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi wiki tatu nyuma, baada ya binti kukosa wateja wa cherehani. Alitarajia binti atashinda miezi akichambua majani kabla ya kukabidhiwa kisu. Shoto hakuwahi kumruhusu mwanawe hata kuligusa jani la tumbaku. Alisema vidole vya njano vya mtu mmoja vinatosha nyumba nzima. Isitoshe, binti alitumia mkono wa kulia.

Ulimi akateremka ngazi, magoti yakimlalamikia. Meza ya tisa, aliyoikalia Shoto miaka yake yote, ilikuwa karibu na ukuta. Binti alikuwa amekaa wima, macho yake mbali, na mkono wa kushoto ukisokota. Haukusita mahali. Aliposikia hatua aligeuka akatabasamu, na mkono ukaendelea wenyewe mpaka ukamaliza.

Akamuuliza nani kamfundisha.

"Sijui, Mama mkubwa," binti alisema. "Nikikaa tu hapa, mikono inajua."

Mtu mwenye akili zake angeogopa hapo hapo. Ulimi hakuogopa, alifurahi. Kile kipande cha biri kilichobaki alikifunga kwenye leso akaenda nacho nyumbani, akakiweka chini ya mto, na akaanza kuzihesabu siku hadi Alhamisi kama mchumba.

Alikuwa na sababu, na ni afadhali isemwe. Siku Shoto alipozidiwa, Ulimi alikuwa juu kule na wageni waliotoka mbali kuja kuonja. Jirani akaja mbio kumwita, akasema mdogo wako anakuulizia. Biri ilikuwa nzuri, ramu imeshamiminwa, wageni wanatazama. Ulimi akamjibu, "Mwambie namalizia theluthi ya mwisho, nakuja." Jirani akarudi akayafikisha maneno yale yale kitandani. Binti hakuyasikia, alikuwa ametumwa dawa. Ulimi alipoingia, mdogo wake alikuwa ameshafunikwa. Jirani naye akahama mtaa mwezi uliofuata, na Ulimi hakumsimulia mtu yeyote, maana angeanzia wapi.

Kwa hiyo Alhamisi zikawa zake. Aliivuta biri ya meza ya tisa mwisho kabisa, na moshi ulipojaa chumba alimwomba mdogo wake msamaha kwa sauti ya chini. Ganda la chungwa lilizidi kukolea. Ule ukakasi wa pera bichi ulizidi kupungua, na mwanzoni hilo nalo lilimfurahisha, kwa kuwa aliuona kama kasoro.

Nyumbani, ambako binti aliishi naye tangu msiba, ndiko alikoanza kushtuka. Binti alikoroga chai kwa mkono wa kushoto. Akaanza kuvaa kandambili za mama yake, zilizomzidi, na akitembea hazimpwayi. Rafiki yake wa tangu shule alikuja kumsalimia, na binti akamkaribisha vizuri kabisa, kwa adabu wanayopewa wageni. Ulimi akajisemea ni msiba tu, kila mtu na namna yake ya kulia.

Kisha ikaja Jumapili ile. Ulimi alichanikiwa na gauni, akalipeleka kwenye cherehani na kumwomba amshonee. Binti akakaa, akaushika uzi, akaitazama sindano. Akaitazama muda mrefu. Akaupitisha uzi huku na huku, akacheka kidogo, akasema mashine hizi zina mambo. Mikono ile ilishona nguo za nusu ya mtaa, na sasa haikujua uzi unaingilia wapi.

Ulimi alikwenda chumbani akafungua daftari lake la kuonja. Wiki ya kwanza aliandika: pera bichi, wazi. Ya tatu: pera bichi, kidogo. Ya tano: kwa mbali. Akaketi kitandani na daftari mapajani. Ule haukuwa kasoro ya jani. Ulikuwa ni mkono wa binti, na ndio uliokuwa ukiisha.

Akamsihi asiende tena kazini. Binti akamwangalia kwa upole, akasema mbona kazi anaipenda, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Ulimi alijua hata angemfungia ndani asingedumu. Anayeweza kumtoa mtu mezani ni msimamizi tu, na msimamizi alifuata ulimi wake.

Alhamisi ile msimamizi alipanda na biri moja tu. Alikuwa mchangamfu. Alisema karakana inataka kutoa sanduku maalumu, lisokotwe lote na meza ya tisa, na binti apewe meza ile moja kwa moja. Linasubiriwa neno la Ulimi tu.

Ulimi akakata, akawasha. Maji: njugu, na hakuna kingine. Aliuzungusha moshi mdomoni, akautoa puani, akatafuta. Kahawa: ganda la chungwa, zito, zuri kuliko siku zote. Akatafuta tena. Ndipo pembeni kabisa ya ulimi akaupata ule ukakasi, mwembamba, kiasi cha kukaribia kuukosa. Binti bado yupo.

Theluthi ya mwisho ilikuwa mbele yake na ramu imemiminwa. Alitamani. Tusimdanganye mtu, alitamani kweli, kwa sababu mdogo wake alikuwa mle, na akiiacha hatampata tena. Lakini safari hii aliiweka biri kwenye kisahani cha majivu kabla haijaisha.

"Imeharibika," alisema. "Mkono huu haufai. Mtoe meza ya tisa leo hii."

Msimamizi alimtazama kana kwamba amesikia vibaya. Akamuuliza kama ana uhakika, na Ulimi akasema ulimi wake haujawahi kukosea. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika chumba kile, na mdomoni ulikuwa mchungu kweli. Msimamizi akashuka. Ulimi akasikia kiti kikisogezwa huko chini, kisha kandambili zikipanda ngazi.

Binti aliingia amelivua aproni, amelikunja mkononi. Hakuonekana kukasirika. Ulimi akanyanyuka kwa furaha na kwa woga, akamwambia, "Njoo, mwanangu. Twende nyumbani. Basi, yamekwisha."

Binti alikuwa akikitazama kisahani, ambako biri ilikuwa inafuka bado, imebaki theluthi. Akaivuta karibu ile chupa ya ramu na kuongeza tone moja, kwa mkono wa kushoto, mpaka kifuniko kikajaa sawasawa bila kumwagika. Akakisogeza kifuniko mbele ya Ulimi. Kisha akavuta kiti cha wageni akakaa, akakunja mikono mapajani.

"Malizia theluthi ya mwisho, dada," alisema. "Safari hii nitakusubiri."