Nusu Iliyofungwa kwenye Kikwembe

Kijiko kiligonga ndani ya kikombe, tii, tii, nikakizuia kwa kiganja ili Jémima asisikie. Mtaani kwake Dilala kulikuwa hakujakucha. Nilikuwa nasaga nusu ya kidonge chake. Nusu nyingine niliifunga kwenye pindo la kikwembe nilichojifunga kiunoni, pale sisi wanawake tunapoficha vitu vyetu.

Jémima, mjukuu wangu, alianza kushikwa na hofu tangu shimo la madini lilipomfukia mumewe. Moyo ulimwenda mbio, koo likabana, akadhani anakufa. Vidonge havikupita, munganga wa hospitali akaniruhusu nivisage kwenye uji.

Juma la kwanza, la kidonge kizima, alilala mpaka jua likapanda. Mwanawe Gael alimlilia sikioni, hakusikia. Nikaitoa karatasi ya dawa, nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno: usingizi, kizunguzungu. Ningeweza kuuliza. Nikachukua kisu.

Baada ya majuma matatu hofu ilimwangusha sokoni Manika, kati ya meza za samaki. Watu walisema amelewa.

Tuliporudi hospitali, munganga Mukuna alinipa kiti chake, yeye akabaki amesimama. Sijasahau kiti kile.

"Dawa haimushike," alisema. "Tutamupa ya nguvu zaidi."

Jémima aliinamisha kichwa. "Ni mi, munganga. Mwili yangu ndiyo mubaya."

Nilifungua fundo la kikwembe. Nusu zile zilimwagika mezani, nyingine zimeshakuwa unga.

"Kambo," alisema Jémima. Ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

Mukuna alivikusanya vipande polepole kwa ukingo wa karatasi. "Mama, kumbe uko munganga mwenzangu?" Kisha akashusha sauti. "Ile usingizi mungeniambia. Tungemupatia dawa mangaribi, si asubui."

Basi. Dawa haikuongezwa nguvu, ilibadilishwa saa tu. Natamani angenikaripia.

Baada ya siku chache nilirudi kwangu, upande wa Nzilo. Nilisema nina shamba la kupalilia. Ukweli ni kwamba kila nilipogusa kikombe kile, nilikirudisha mezani, na Jémima alikuwa akitazama pembeni ili nisijue ameona.

Mwezi mzima sikupiga simu. Jumapili moja akapiga yeye.

"Kambo, leo niliamuka mbele Gael aamuke."

Nilimsikia mtoto akicheka nyuma yake.

"Dawa ninasaga mi mwenyewe," akasema, "lakini ninasaga mubaya, inabakia mabonge. Kuya tena huku, Kambo. Kijiko iko pale pale."