Mapera Yaliyong'atwa

Asubuhi ile Pera aliokota mapera matatu yaliyong'atwa chini ya mti, akayafunga kwenye kipande cha kitambaa na kuyatupa pipani kabla mama yake hajaamka. Kazi hiyo aliifanya kila msimu tangu akiwa na miaka saba, na alishaizoea kama kupiga mswaki. Wengine wangesema ni popo. Lakini Pera alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima kwa macho, na hakuna popo anayeng'ata na kuacha pengo la meno mawili ya mbele. Pengo hilo alilijua. Alilala kitanda kimoja na mwenye nalo kwa miaka sita.

Habari yote hii aliianzisha marehemu baba. Alikuwa akifanya kazi kwenye bustani ya miche, na huko mche ukiwa mdogo majani yake hayaaminiki, kwa hiyo waliifunga nyuzi: kijani kwa miche ya matunda, nyekundu kwa miche ya maua. Mkewe alipojifungua mapacha wa kike, wamefanana kama shilingi kwa ya pili, mzee wa watu hakuumiza kichwa. Aliyetangulia kutoka alimfunga uzi wa kijani mkononi, akampandia mpera uani. Wa pili alimfunga uzi mwekundu, akampandia bugenvilia hatua sita kutoka pale. Majina ya kwenye cheti yakasahaulika. Mmoja akawa Pera, mwingine Maua, na mama akaonywa asizifungue nyuzi zile kwa hali yoyote.

Na baba alipenda kulinganisha, Mungu amsamehe. Mpera ni mti wa kazi, alisema, na bugenvilia ni ya kufurahisha macho. Basi mpera ukapigwa mawe, ukavunjwa matawi na kila mwenye njaa, na Pera akatumwa dukani, akabeba maji, akaosha vyombo. Bugenvilia ina miiba, haikuguswa na mtu. Ilichanua tu, nyekundu mpaka ukutani, wapita njia wakisimama kuisifu, na Maua akafungwa utepe kichwani. Wakiwa na miaka sita ikaja homa ya siku tatu. Maua akaondoka nayo.

Tangu siku ile mama aliimwagilia bugenvilia kila jioni, hata mvua ikinyesha. Alisimama na ndoo yake akilowa, akiinong'oneza. Mpera uliishi kwa mvua na kwa maji ya vyombo. Pera aliyatazama hayo kwa miaka thelathini na miwili kupitia dirisha la cherehani yake, na yalimuuma, tena sana. Aliyempikia mama ni yeye, aliyempeleka hospitali ni yeye, aliyelala sakafuni mama akiugua ni yeye. Halafu mapera ya mti wake mwenyewe akayakuta yameng'atwa. Huyu mtu, alijiambia, kamaliza mapenzi yote ya nyumba hii, na bado anakuja kula changu.

Sasa bomba la maji machafu likapasuka. Fundi bomba alikuja, mtu wa maneno mengi na tumbo la kutosha, akazunguka ua akikuna kidevu. Alieleza kwamba ua wenyewe ni mwembamba, mizizi imelibana bomba pande zote mbili, na mtaro mpya utapita upande mmoja tu, ama kwenye mpera ama kwenye bugenvilia.

"Hapa mmoja lazima aage, dada," alisema. "Na hata mtoto anajua ni yupi. Huu unakulisha, ule unakuchoma miiba."

Pera alisikia furaha ikimpanda kifuani, furaha mbaya, na akaona haya kwa sababu yake. Hata hivyo alimwambia aje kesho asubuhi na shoka.

Mchana akamkalisha mama barazani, akaushika mkono wake na kuanza kumkata kucha. Alimweleza habari ya bomba taratibu, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwisho akasema kwamba bugenvilia itaondoka. Mama akauvuta mkono. Macho yake, ambayo siku hizi yalikuwa yakipotea potea, yalitulia.

"Kata mpera," alisema.

"Mama, mpera ni wangu."

"Si wako."

Kisha akasema yote, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetua mzigo na kuogopa usivunjike. Watoto walipokuwa na siku tisa, nyuzi zilikuwa zimewabana mpaka zimechora mikono. Akamwonea huruma kila mmoja wao. Alizifungua, akaziweka kwenye ukingo wa beseni, akawaogesha, akawalaza juu ya taulo moja. Alipozishika tena zile nyuzi hakujua ni ipi ya nani. Alitazama mpaka kichwa kikamuuma. Baba alikuwa yuko mlangoni anaingia, naye akafunga tu, huku akimwomba Mungu awe amepatia.

Alikaa na wasiwasi huo miaka sita. Siku ya kumwosha mtoto aliyefariki, mkunga aliyewapokea alikuwepo. Alipoligeuza lile sikio dogo akaona alama nyeusi nyuma yake, akasema huyu ndiye aliyetangulia kutoka, alama hii anaikumbuka. Mama akamshika miguu asimwambie mtu. Baba angesema nini? Alikuwa ameshamlilia Maua siku nzima.

"Tulimzika Pera," mama alisema. "Maua ni wewe."

Yule ambaye hakujua tena aitwe nani alibaki na mkasi mkononi. Alijipapasa nyuma ya sikio, upande huu na upande ule. Ngozi ilikuwa laini.

"Kwa hiyo kila jioni," alisema, "ulikuwa unammwagilia nani?"

"Wewe. Nilikuwa na mtoto mmoja tu amebaki. Niliona ikinyauka, na wewe utanyauka."

Alilia, na sababu zilikuwa nyingi mno kuzitenganisha. Miaka yote ile alimwonea wivu maiti kwa maji aliyokuwa akipewa yeye mwenyewe. Na yule mtoto mwenye pengo alikuwa anakula mapera ya mti wake halali, halafu asubuhi dada yake anayakusanya na kuyatupa takatakani. Hilo la pili lilimchoma zaidi. Alizikwa kwa jina la mwenzake, na kitu pekee alichobakiwa nacho duniani ni mti wa mapera.

Asubuhi fundi bomba alikuja na shoka, akauliza kama msimamo ni uleule.

"Kata bugenvilia," alimjibu. "Ni yangu."

Mama alikuwa ameketi barazani, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Shoka lilipogonga shina mara ya kwanza, maua mekundu yakamwagika, naye akaita kwa hofu.

"Maua!"

"Nipo, Mama."

Shoka likagonga tena, naye akaita tena, na akajibiwa tena. Ikawa hivyo, pigo na jina na jibu, fundi bomba akiwatazama kwa pembe ya jicho bila mzaha hata mmoja, mpaka bugenvilia ikalala chini na binti akawa bado amesimama. Mama akashusha pumzi. Akageuza uso kwenye mpera.

"Na Pera?" akaita.

Jibu lilishamfika binti ulimini, mazoea ya miaka thelathini na minane. Akaling'ata. Halikuwa lake.

Hapakuwa na upepo. Pera moja likachomoka juu, likapita kwenye matawi na kuangukia miguuni pake. Aliliokota na kuligeuza. Upande mmoja ulikuwa umeng'atwa, bado unatoa maji, na pengo la meno mawili lilionekana wazi. Upande wa pili ulikuwa umeachwa mzima.

Aliula pale pale aliposimama, na mbegu zake.