Salamu za Mkuu wa Idara

Mama aliinua kichwa. Alilofanya ni hilo tu, na kwa hilo nusura wampasue fuvu mara ya pili.

Nilimwona kupitia kioo kinene cha chumba cha mashine ya kupiga picha za ubongo. Alikuwa amelala chali, paji la uso limefungwa mkanda, sindano mkononi, na mpira mwembamba ukitoka kwenye pampu ya dawa. Mpiga picha, binti mwenye sauti ya upole, alikuwa amemwonya: "Dawa ikiingia utasikia joto mwili mzima, Mama. Usishtuke, usitikisike. Hata nzi akitua puani kwako, mwache afaidi." Mama alicheka, kisha akatulia kama maji ya mtungi.

Ndipo Mkuu wa Idara akaingia na wageni wake.

Mwaka uliotangulia Mama alitolewa uvimbe kwenye ubongo, akachomwa mionzi, nywele zikaota upya, akarudi kunigombeza kama zamani. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kuangusha vikombe. Picha ya kawaida ikaonyesha doa palepale penye jeraha la zamani. Huenda uvimbe ulikuwa umerudi. Huenda pia ilikuwa nyama iliyokufa kwa mionzi, kovu tu. Kwenye picha ya kawaida, viwili hivyo vinafanana kama mapacha. Kama ni uvimbe, Mama anapasuliwa tena, na daktari wa upasuaji alishatuambia kwamba safari hii huenda asiseme tena maisha yake yote. Kama ni kovu, ni vidonge na kungoja.

"Uvimbe ni mlafi, kaka," binti alinieleza tukiwa kwenye benchi la korido. "Unajivutia damu. Kovu halina njaa. Tunapiga sehemu ileile picha mfululizo wakati dawa inapita kwenye mishipa, halafu kompyuta inapaka rangi. Penye damu nyingi nyekundu, penye damu kidogo buluu. Tunalinganisha na upande wa pili wa kichwa, ule mzima."

"Na akitikisika?"

"Rangi zote zinakuwa uongo."

Mashine ile ilionyeshwa wageni zaidi kuliko ilivyoonyeshwa wagonjwa. Siku ile walikuja wamevaa suti, wakajipanga nyuma ya kompyuta kama watu waliokuja kutazama mpira. Pampu ilikuwa imeshaanza kusukuma dawa. Mkuu akamwegemea binti begani, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, akasema kwa furaha ya mwenye nyumba: "Mama yetu, shikamoo! Wageni wanakusalimu!"

Lazima umjue Mama. Salamu kwake haikuwa kitu cha kutupiwa mtu njiani. Alikuwa anasimama, anatua mzigo, anakugeukia, ndipo anakujibu. Mimi nilichapwa utotoni kwa kuitikia huku natembea. Sasa sauti inamwamkia kutoka darini, na hamwoni mwenyewe. Shingo ikavuta mkanda, kichwa kikainuka, macho yakamtafuta.

"Marahaba, baba! Hamjambo wote?"

Wageni wakaangua kicheko. Binti wa mashine akafunika uso kwa viganja.

Alimwambia Mkuu palepale kwamba picha zimeharibika. Akaambiwa asiwatie watu aibu mbele ya wageni. Jioni tukapewa jibu: uvimbe umerudi, apasuliwe.

Nilimfuata Mkuu ofisini kwake. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Nyekundu hiyo, unaiona mwenyewe."

"Naiona. Imemwagika hadi kwenye mfupa. Na mfupa nao umeota uvimbe?"

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mtoto wake. Na wewe ndiye uliyemtikisa."

"Nilimsalimu mgonjwa. Sasa heshima imekuwa kosa?"

Mimi watu huniita Honi. Shule sikuimaliza, nilichojua nimekiokota mwenyewe, na kiwanda cha nguo kilinifukuza kwa sababu wenzangu walikuwa wakinisikiliza. Kesho yake nilisimama mbele ya mlango wa Mkuu nikaifungulia sauti niliyokuwa nikiitumia kwenye geti la kiwanda. "Ndugu zangu, humu ndani mtu anapasuliwa kichwa kwa kosa la kuitikia salamu!" Walinzi wakanibeba hobelahobela hadi nje. Nikaingia kwa mlango wa jikoni. Wakanibeba tena, mmoja wao akininong'oneza, "Endelea tu, Honi, ila usinipige teke." Nikarudi. Korido ikajaa watu, wengine wameshika dripu zao.

Daktari wa upasuaji akatoka kuuliza kelele za nini. Akaagiza aletewe zile picha, akazitazama akiwa amesimama, bila kuvuta kiti.

"Rudieni," akasema. "Mimi sishiki kisu kwa takataka hii."

Figo za Mama zilipomaliza kuitoa mwilini ile dawa ya kwanza, tukarudi. Nilisimama nje ya mlango wa chumba cha mashine, mgongo ukiwa mlangoni. Mkuu akaja na mgeni mmoja, akanitazama, akajifanya amekosea njia.

Penye doa palikuwa buluu. Buluu tupu, upande wa pili ukiwa umejaa rangi za uhai.

"Kwa hiyo humu ndani kuna kaburi tu?" Mama aliuliza akijigusa kichwa. "Basi niacheni nizeeke nalo."

Alizeeka nalo. Alipokufa, uzee ndio uliomchukua, na ulimi wake alikuwa nao, tena katikati ya kunigombeza. Lakini lile benchi la korido silisahau. Wengine waliokaa pale nao walikuwa na madoa yao, na mashine ilikuwa na wageni wake. Nani alipiga kelele kwa ajili yao?

Mkuu alishastaafu kwa sherehe. Hukutana nami njiani, na kila mara huwa wa kwanza kunyanyua mkono. "Habari za siku nyingi, bwana!" Mama, enzi za uhai wake, alinisihi nimjibu.

Mimi husimama. Mzigo huutua. Kisha shingo naikaza kama niliyefungwa mkanda wa paji la uso, natulia tuli, hadi apite.