Vibao Kumi na Vitatu

Saa nne kamili asubuhi, Jumanne ya pili ya Novemba, Teunis Breeuwer alikuwa akitoboa kapi la tisini na mbili la meli yake ya mfano. Kapi lilikuwa la mti wa mpea, dogo kuliko punje ya dengu, na tundu lake lilitaka kutobolewa kwa mkono kwa sababu mashine ingelipasua. Meli yenyewe ilikuwa ya mizigo, ya zama za mababu, tumbo pana na sitaha nyembamba, maana zamani hizo ushuru ulitozwa kwa upana wa sitaha na Waholanzi hawakuwa wajinga. Mkewe Marijtje alimimina kahawa, akafungua mkebe wa biskuti, akatoa mbili, akaufunga. Kisha akatazama dirishani.

"Teunis, kuna mtu amekufa."

Teunis hakuinua kichwa mpaka keekee ilipotokea upande wa pili. "Nani?"

"Nitajuaje? Njoo uhesabu mwenyewe."

Dirishani, kati ya redio na chungu cha maua, kilisimama kinu cha upepo cha mfano. Kiliitwa Bata Kijivu, kama kile kikubwa cha kupasua mbao ambacho baba yake Teunis alikiendesha kando ya mto Zaan mpaka radi ilipokiunguza. Teunis alikijenga upya kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Kazi ilimchukua miaka miwili na nusu, na mhimili wa mabawa aliuchonga kutoka kipande cha mwaloni kilichookolewa motoni. Tangu siku alipokiweka dirishani, kinu kile kilitangaza habari za ukoo. Meli zake kumi na moja zilizokuwa sebuleni hazikuwahi kufanya lolote. Zilikaa kwenye rafu zikikusanya vumbi, kama meli za watu wengine.

Kinu kilifuata desturi, wala hakikuzua lake. Mwendesha kinu akiwa na furaha nyumbani, husimamisha bawa la juu kabla halijafika kileleni, yaani lingali linakuja. Akiwa na msiba, huliacha lipite kidogo ndipo avute breki. Watu wa Zaan waliongeza lao: waling'oa vibao vya upepo kwenye mabawa, ishirini akifa mwenye kinu, kumi na tisa akifa mkewe, na kuendelea kushuka mpaka kwa mabinamu, ili mpita njia ajue aliyefiwa amefiwa na nani bila kusumbua watu kwa maswali. Bata Kijivu mdogo aling'oa vyake mwenyewe na kuvipanga chini, mstari mmoja. Mwaka baba yake Teunis alipofariki, vilikuwa kumi na kimoja, na Teunis alikuwa ameshafunga tai hospitali ilipopiga simu. Mama mzazi wa Marijtje alipofariki kinu hakikutikisika, na Marijtje alikaa mwezi mzima bila kukipangusa vumbi.

Sasa bawa lilikuwa limepita kilele kwa upana wa kidole. Teunis alihesabu vibao kwa ncha ya kibano.

"Kumi na tatu," alisema.

Kumi na tatu ni mtoto. Walikuwa na mtoto mmoja, Sjoerd, huko Zwolle. Marijtje aliketi, na Teunis akapiga simu akiwa amesimama.

"Uko wapi?"

"Kazini, baba. Niko kwenye kikao."

"Uko mzima?"

"Kinu?" Sjoerd aliuliza.

"Kumi na tatu."

"Basi si mimi. Nimetoka kunywa kahawa sasa hivi, mbaya kweli kweli."

"Haya, endelea na kikao chako," alisema Teunis, akakata simu.

Halafu akasema ni unyevu. Novemba mwaloni huvimba, gundi nayo ilikuwa ya siku nyingi. Akalirudisha bawa kwa kidole, akavichomeka vibao kimoja kimoja, akarudi kwenye makapi yake. Walipomaliza mkate na jibini mchana, vibao kumi na vitatu vilikuwa chini tena, vimepangwa, na bawa limepita kilele.

"Unyevu gani huo unaojua kuhesabu?" Marijtje aliuliza.

"Kimekosea."

"Hakijakosea. Wewe ndiye unayehesabu watoto vibaya."

Teunis aliweka kibano chini. Walikuwa hawajalizungumza jambo hilo kwa miaka hamsini na mitatu, na walikuwa wamezoea kutolizungumza kama watu wanavyozoea mlango usiofunguka.

Machi ya mwaka 1966 Marijtje alikuwa na miaka kumi na tisa, mjamzito, hajaolewa, na alipelekwa kusini kwenye nyumba ya wasichana wa namna yake. Wakati wa kujifungua walimtundikia shuka mbele ya uso ili asione. Alisikia kilio, mara moja, kisha akasikia mlango. Hakuna aliyemwambia kama ni wa kike au wa kiume. Siku ile habari ilipofika Zaan, mzee Breeuwer alisema kinu chake hakitamtangaza mtoto yule, akaamuru mabawa yasimame kama msalaba, mapumziko ya kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea duniani. Juu kwenye jukwaa la kinu alikuwepo Teunis, miaka ishirini na mmoja, baba wa yule mtoto. Alivuta breki, mabawa yakasimama kama msalaba. Miaka miwili baadaye alimwoa Marijtje, na keki ya harusi ilikuwa na ngazi tatu.

"Kamba ya breki ilikuwa mkononi mwako," alisema Marijtje. "Si mwa baba yako. Mama yako aliniambia."

"Ilikuwa mkononi mwangu."

"Ungechelewa kuvuta hata kidogo tu. Au uwahi kidogo. Watu wangeona."

Teunis aliona aibu, ile ile ya wakati ule, na haikuwa imezeeka hata kidogo.

"Kumi na tatu ni wa kike au wa kiume?" Marijtje aliuliza.

"Kumi na tatu ni mtoto tu."

Marijtje akahesabu kwa vidole. Kwa sheria ya nchi, maiti haikai: siku sita za kazi, basi, iwe imezikwa au imechomwa. Walikuwa na mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata kujua ni nani, yuko wapi, wakasimame hata nyuma kabisa ya watu. Hakutaka zaidi ya hapo.

Jumatano asubuhi waliipigia simu ofisi inayotunza mafaili ya watoto waliotolewa kulelewa na wazazi wengine. Aliyepokea aliitwa Bi Terpstra, na alikuwa na sauti ya mtu mwema.

"Faili lipo," alisema. "Ninalo hapa mezani."

"Lisome basi," alisema Marijtje.

"Siwezi, mama. Faili ni la mtoto. Mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi."

"Mwenyewe amekufa jana."

"Oh, pole sana, mama. Taarifa mmezipata wapi?"

"Kwenye kinu."

"Kinu halisi au cha mfano?"

Teunis aliinamia simu. "Cha mfano. Moja kwa ishirini na tano. Mwaloni na mpea."

Zilisikika herufi zikibonyezwa. "Kinu halisi tungekipokea, kikiwa na barua ya mwendesha kinu mwenye cheti. Cha mfano hakimo kwenye orodha yetu."

"Sikuombi jina," Marijtje alisema. "Wala anwani sitaki. Niambie tu, wa kike au wa kiume?"

Ukurasa ulifunuliwa upande wa pili, na wote wawili waliusikia.

"Hilo nalo limo ndani ya faili, mama. Nitawatumia fomu."

Alhamisi fomu haikufika, wala Ijumaa. Jumamosi Teunis alichonga makapi manne akayaharibu yote. Marijtje alisoma matangazo ya vifo katika magazeti matatu, akitafuta mtu wa miaka hamsini na mitatu. Aliwapata tisa, na kila mmoja alikuwa na mama aliyetajwa kwa jina.

Jumatatu saa tano asubuhi kichwa cha kinu kilianza kulia kama kiti kikuukuu. Zamani jeneza la watu wa kinu lilipotoka nyumbani, kinu kiligeuzwa polepole kulifuata kwa uso mpaka makaburini, na Bata Kijivu alikuwa anafanya hivyo sasa, bila mtu kumgusa. Marijtje alipanda juu akashuka amevaa koti jeusi. Teunis alivua aproni, akaikung'uta vumbi la mbao, akasimama pembeni yake.

Jirani yao Nel aliingia kwa mlango wa nyuma kurudisha bakuli. Alipoona kinu kinageuka, akavua kofia yake ya sufu.

"Nani jamani?"

"Mtoto wetu," alisema Marijtje.

"Mungu wangu, Sjoerd?"

"Wa kwanza."

"Sikujua kama kuna wa kwanza."

"Hata sisi tulijitia hatujui."

Nel akaenda kwake, akarudi na keki ya siagi, akasimama nao. Kichwa cha kinu kiligeuka nyuzi chache upande wa kusini, kikatua, kikangoja kama dakika kumi.

"Kanisani hapo," alinong'ona Teunis.

"Au taa nyekundu," alisema Nel. "Kusini huko wana taa nyingi."

Kikaendelea. Baada ya dakika arobaini kilisimama, uso wake ukiwa umeelekea kusini mashariki. Teunis alitandaza ramani mezani na kupiga mstari kwa penseli yake nyembamba, kuanzia jikoni kwao mpaka mpakani. Mstari ulipita miji kumi na saba.

"Upi kati ya hiyo?" Marijtje aliuliza.

"Kinu kimoja hutoa upande tu. Ili upate umbali unahitaji viwili."

"Na wewe umejenga kimoja, na meli kumi na moja."

"Kumi na mbili, na hii."

Marijtje alimtazama, na Teunis akaona hana haki hata ya kutazama chini. "Nilivuta breki, Marijtje," alisema. "Nilimwogopa baba. Sina sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote hii na sijaiona."

"Najua," alisema Marijtje. "Kata keki."

Wakanywa kahawa wote watatu, kila mtu kipande kimoja, kama inavyofanywa baada ya maziko. Nel aliuliza kama mtoto alikuwa na jina, akaambiwa bila shaka alikuwa nalo.

Fomu ilifika Alhamisi. Ilitaka jina kamili la mtoto, jinsia yake, anwani yake ya sasa na saini yake. Marijtje alijaza tarehe ya kuzaliwa, na penye nafasi ya maelezo mengine akaandika: *Alilia mara moja.* Kwingine kote akaacha wazi, akaituma. Baada ya wiki mbili ilirudi na barua ya heshima ikisema haijakamilika. Akaijaza vilevile, akaituma tena, ikarudi tena, na barua ile ile, ila tarehe imebadilika na sentensi moja imeongezwa mwishoni.

Teunis aliisoma ya pili kwa sauti, kwa kuwa Marijtje hakuwa na miwani. "Tafadhali mwombe mtoto wako ajaze sehemu ya pili na kutia saini."

"Rudia hapo."

"Mwombe mtoto wako ajaze sehemu ya pili."

"Mtoto wako," alisema Marijtje. "Hawajawahi kuniandikia hivyo." Akaichukua barua, akaupapasa mstari ule kwa kidole, kisha akamwambia mumewe alete kalamu, kuna fomu nyingine ndani ya bahasha.